"IMBA TU, ARDHI TUACHIE!" Danganya toto ya wenye nazo

Ipo kauli moja wakubwa wanaipenda sana: "Wewe mwanamuziki, imba. Mambo ya ardhi waachie wenyewe." Wenyewe ni nani? Ni hao hao wenye ramani mkononi na tingatinga getini! Msanii akiwasifu, wanamwita kioo cha jamii. Akiuliza kilima kinauzwa kwa nani, ghafla anaingilia siasa.

Hoja yangu ni kwamba kauli hiyo ni changa la macho, na ushahidi ninao.

Don Henley, mwimbaji na mpiga ngoma wa bendi ya Eagles ya Marekani, aliona kwenye televisheni kuwa msitu wa Walden, mjini Concord, jimbo la Massachusetts, unanyemelewa na matajiri wa ujenzi. Kilima kimoja kijengwe ofisi, kingine nyumba zaidi ya 130. Msitu huo ndio aliokaa mwandishi Henry David Thoreau kuanzia 1845 hadi 1847, yule aliyelala jela kwa kukataa kulipa kodi kwa serikali iliyokumbatia utumwa.

Bwawa la Walden lenyewe lilikuwa hifadhi tangu 1922. Vilima vya jirani havikuwa na ulinzi huo. Huo ndio ujanja wa vigogo popote: wanakuachia bwawa la kupiga picha, wanachukua msitu unaolizunguka!

Na kilima kile cha ofisi kinaitwaje? Kilima cha Brister! Ni jina la Brister Freeman, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa hapo Concord, akapigana vita ya uhuru wa Marekani, kisha akanunua kipande cha ardhi kilimani na kuishi hapo. Enzi hizo ardhi ile ya kichanga haikutamaniwa na wakubwa, ndiyo maana waliotoka utumwani walipata pa kujibanza. Miaka 200 baadaye ikageuka eneo la kuwekeza. Mnauona mchezo, ndugu wasomaji?

Wananchi wa Concord walikwishaanza kupinga kabla Henley hajafika. Yeye aliwaongezea sauti na fedha. Mwaka 1990 alianzisha chombo kiitwacho Walden Woods Project. Yakapigwa matamasha, kikatoka kitabu mwaka 1991, wenzake kama Elton John na Sting wakapanda jukwaani mwaka 1993. Kilima cha Bear Garden kilinunuliwa 1991, cha Brister 1993. Vyote viwili vimebaki msitu.

Wapo watakaosema nyumba zile zilikuwa na sehemu ya bei nafuu, kwa hiyo msanii tajiri kamnyima mlalahoi makazi. Hoja hiyo ina uzito, maana mlalahoi anahitaji nyumba kweli. Lakini kwa nini anakumbukwa siku ya kuuza msitu tu? Na zile ofisi, nazo zilikuwa za mlalahoi?

Wengine watasema alitafuta sifa. Basi twende kwao alikokulia, Linden, mashariki mwa Texas. Karibu na hapo lipo ziwa Caddo, lenye misitu ya misipresi inayoota majini, mpakani na Louisiana. Ulikuwapo mpango wa kuchimba mfereji wa kupitishia matishari. Henley na wenzake wakaunda Caddo Lake Institute, wakaingiza shule na vyuo vya jirani katika kazi ya kupima maji na kuchunguza ziwa. Mwaka 1993 ardhioevu ile iliingizwa katika mkataba wa kimataifa wa Ramsar. Mwaka 2000 eneo la kiwanda cha zamani cha baruti cha jeshi, kando ya ziwa hilo, likatangazwa hifadhi ya wanyama. Mwanafunzi na chupa ya maji ya kupima, hakuna kamera wala makofi. Sifa gani hiyo?

Somo ni hili. Wimbo peke yake hauzuii tingatinga. Unakusanya watu na fedha. Kinachozuia ni hati ya ardhi, sheria, na wenyeji wanaojua ziwa lao lina nini. Msanii anayeishia jukwaani kafanya nusu ya kazi. Anayemwambia aishie hapo ana lake jambo.

Kwa hiyo ukisikia kigogo anamwambia mwanamuziki "imba tu", usibishane naye. Muulize swali moja: mheshimiwa, unauza nini?