Kinyozi wako pia anastahili likizo

Hebu muulize kijana anayekunyoa kila Jumamosi alipumzika lini mara ya mwisho. Atacheka kwanza, kisha akwambie: "Nisipokuja, silipwi."

Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyohustle mjini. Duka la M-Pesa, saluni, kibanda cha chipsi, wafanyakazi ni wawili au watatu. Mkataba ni wa mdomo, na likizo tunadhani ni ya watu wa ofisini.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo, kwa malipo kamili, kila anapomaliza miezi 12 mfululizo. Hata ukiugua, ukiwa umeshafanya kazi miezi miwili na una barua ya daktari, unalipwa siku saba kamili na saba nyingine nusu mshahara. Udogo wa duka haufuti haki hiyo.

Najua mdosi atauliza: "Pesa za kumlipa aliye nyumbani na anayemshikilia nitatoa wapi?" Swali ni la haki. Kodi ya chumba inamngoja, leseni ya kaunti inamngoja, na pengine yeye mwenyewe hajapumzika tangu afungue.

Basi tupige hesabu. Kama unamlipa mtu Sh18,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, mtu wa kumshikilia siku 21 atakugharimu kama Sh14,500. Ukitenga Sh50 kila siku anayofanya kazi, mwaka ukiisha pesa hizo zipo. Na si lazima aende siku zote mara moja. Sheria inaruhusu kuigawa likizo mkikubaliana. Chagueni miezi ambayo biashara huwa imelala.

Wewe uliyeajiriwa, andika tarehe uliyoanza kazi na uitunze. Usiende kumgombeza mdosi mbele ya wateja. Mketishe jioni, mpelekee hesabu hii, na umtafutie mtu anayeijua kazi.

Nawe uliyeajiri, usingoje duka likue ndipo uwe mwajiri mwema. Ukimchosha kijana wako hadi aache kazi, utaanza kumfunza mwingine upya huku wateja wakimfuata aliyeondoka.

Tena mkono uliochoka ndio unaokata sikio la mteja.