Lengo la mwanafunzi liambatane na ratiba

Kwa Mhariri,

Lengo la mwanafunzi hupata maana linapoandikwa waziwazi, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza: kozi gani, chuo kipi, alama zipi. Nchini Kenya, shahada huhitaji angalau wastani wa C+ katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, na stashahada C-. Uhandisi na uuguzi huwa na masharti ya ziada kuhusu masomo mahususi. Masharti hayo yasomwe kabla ya kuchagua masomo, si baada ya matokeo.

Hatua ya pili ni muda. Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, wanafunzi huwasaidia wazazi kushusha mikungu ya ndizi na kupanga mafungu ya mboga za managu na chinsaga. Anayetenga saa moja ya hisabati alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, humpita anayengoja siku isiyo na kazi.

Hatua ya tatu ni kujipima kwa karatasi za mitihani iliyopita, kila kosa likiandikwa daftarini na kurudiwa.

Aliyekosa C+ hajafungiwa mlango. Stashahada ya chuo cha ufundi huweza kumfikisha chuo kikuu. Wazazi nao wailinde saa hiyo ya alfajiri.

Msomaji,
Daraja Mbili, Kisii