Mwacheni shahidi amalize jibu lake

Kuna neno dogo ambalo mimi, kama mwalimu wa isimu, nimelitetea darasani kwa miaka mingi. Neno lenyewe ni "lakini". Wanafunzi wangu hucheka ninapowaambia kwamba kiunganishi hicho kinaweza kubeba haki ya mtu. Lau wangalikuwa nami katika kikao kimoja cha kamati ya Bunge cha kukusanya maoni ya wananchi, nilichokihudhuria miaka michache iliyopita, sidhani kama wangalicheka.

Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Mzee mmoja, aliyejitambulisha kuwa mwalimu mstaafu, alisimama na karatasi aliyoiandika kwa mkono, akaanza kueleza alivyouona mswada uliokuwa mbele ya kamati. Hata dakika moja haijaisha, mwenyekiti akamkata kauli: "Mzee, hatuna muda. Unaunga mkono au unapinga?" Mzee akajibu kwa adabu: "Naunga mkono, Mheshimiwa, lakini..." Mwenyekiti akasema: "Asante. Anayefuata!" Karani akaandika, na sina haja ya kumwambia msomaji alichoandika. Yule mzee aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akaketi. Nami nilinyamaza kama wengine wote ukumbini, jambo ambalo hadi leo linanikera.

Katika taaluma yetu tunafundisha kwamba swali si chombo kitupu cha kuombea habari. Anayeuliza ndiye anayepima ukubwa wa jibu. Swali la "ndiyo au la" humpa mjibu nafasi ya neno moja tu. Na kuna maswali mabaya zaidi, yale yanayotanguliza hukumu. Afisa akiulizwa, "Uliacha lini kufuja fedha za umma?", akisema ameacha mwaka jana amekiri, akisema hajaacha amekiri maradufu. Maswali ya sampuli hii huulizwa katika vikao vya kamati zetu mbele ya kamera za televisheni, na jioni taifa zima humwona shahidi akigugumia. Ni wangapi kati yetu hujiuliza kama swali lenyewe lilikuwa na jibu?

Jambo hili lina uzito kwa sababu kamati hizi si mabaraza ya porojo. Kifungu cha 125 cha Katiba ya 2010 kinazipa uwezo sawa na ule wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi yeyote, kumhoji kwa kiapo na kumlazimisha atoe hati. Aidha, Kifungu cha 117 kinalinda uhuru wa kusema Bungeni, na kwa kinga hiyo mbunge hashtakiwi kwa ukali wa ulimi wake. Shahidi aliyeitwa mwizi hadharani hana pa kwenda kulisafishia jina lake. Basi tazama tofauti. Jaji mwenye uwezo huo huo hufungwa na taratibu: anayeshtakiwa hujulishwa mashtaka mapema, hupewa nafasi ya kujibu, na asiyeielewa lugha ya mahakama hupewa mkalimani bila malipo. Kamati zetu zimeazima rungu la jaji. Subira yake zimeiacha mahakamani.

Simtetei afisa wa serikali anayekwepa maswali kuhusu fedha za umma. Huyo abanwe hadi aseme kweli, na wabunge wanaombana kwa nyaraka na tarakimu wanastahili shukrani zetu. Lakini kumbana mtu na kumtweza ni mambo mawili. Shahidi hulazimika kusema "Mheshimiwa" kila afunguapo kinywa. Yeye huitwa "wewe", tena kwa sauti ya kufokea mtumishi aliyemwaga maziwa. Kiswahili chetu kina hazina kubwa ya maneno ya heshima: mzee, mama, bwana, bibi, ndugu. Hakuna hata moja linalopunguza makali ya swali zuri.

Kisha kuna suala la lugha yenyewe. Kiswahili kiliingia Bungeni mwaka 1974 kwa amri ya Mzee Jomo Kenyatta, na leo Kifungu cha 120 kinakitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya. Hata hivyo, miswada ingali ikichapishwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Mwananchi huitwa atoe maoni kuhusu maandishi asiyoweza kuyasoma, kisha hulaumiwa kwamba amekosa hoja. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipozua zogo, ni vijana waliojitolea kuufafanua mitandaoni kwa Kiswahili, kwa lugha za nyumbani na kwa lugha ya ishara. Walifanya bila mshahara kazi ambayo Bunge lingeifanya kwa kodi yetu.

Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa mwaka 2019 kuhusu kesi ya kanuni za tumbaku, ilisema kwamba ushirikishwaji wa umma hauna budi kuwa wa kweli, si wa kutimiza desturi tu. Najua wenyekiti watajitetea kwamba watu ni wengi na siku ni chache. Hilo ni kweli kwa kiasi. Lakini katika kikao nilichokitaja, hotuba za kuwakaribisha na kuwatambulisha waheshimiwa zilichukua karibu saa nzima kabla ya mwananchi wa kwanza kupewa kipaza sauti.

Ninaloliomba si kubwa. Mwananchi amalizapo kusema, karani amsomee, kwa lugha aliyoitumia, kile alichokiandika kwa niaba yake, naye aulizwe kama ndivyo alivyosema. Polisi hutakiwa kumsomea mtu taarifa yake kabla hajaitia sahihi. Sioni kwa nini kamati ya Bunge ishindwe. Kwa yule mwalimu mstaafu kazi hiyo ingechukua dakika moja, na pengine nusu dakika zaidi ya kuandika yaliyofuata neno "lakini".