Kabla ya mawimbi ya Seoul, sema ulichopaka

Kila likizo inapokaribia, simu yangu hujaa vichwa vya watu. Wifi yangu wa Muscat, binti wa jirani yetu Michenzani, shoga niliyecheza naye rede utotoni, wote hunitumia picha za waigizaji wa tamthilia za Kikorea: nywele zimeshuka hadi kifuani, zimevimba kidogo usawa wa mashavu, zimepinda bila kujikunja. Chini ya picha swali ni lilelile: "Hii wanaweka kwa pesa ngapi?" Mimi naishi Seoul, nakijua Kikorea kiasi cha kubishana na dereva wa teksi, basi nimegeuzwa mkalimani wa saluni wa ukoo mzima na marafiki zao. Nimekaa sana kwenye kile kistuli kati ya mteja na msusi, na msimamo wangu ni huu: bei iwe swali la mwisho. La kwanza ni lile ambalo wanawake wa kwetu hawapendi kulijibu mbele za watu. Kichwani umepaka nini tangu mwaka juzi?

Msusi wa Seoul anayeijua kazi yake hagusi dawa kabla ya kuuliza. Anashika nywele za kisogoni, anachomoa unywele mmoja, anaulowesha, anauvuta taratibu kati ya vidole aone kama unanyumbuka na kurudi au unanyumbuka na kukatika. Kisha anauliza: umetia rangi? Umezitoa rangi kwa blichi? Umewahi kuzinyoosha kwa dawa? Lini? Wateja wa Kikorea hujibu kama wako mbele ya daktari, mpaka mwezi wanautaja. Wa kwetu hugeuka wakaniangalia mimi. "Mwambie nywele zangu za asili." Na mimi nilikuwepo harusini alipozipaka! Basi namtafsiria msusi ule ukweli niujuao, na tukirudi nyumbani kwa treni tunarudi tumenuniana.

Sifanyi hivyo kwa umbea. Unywele ni protini iitwayo keratini, na nyuzi zake zimeshikamana kwa ndani kwa viungo vya salfa. Mawimbi hayo ya dawa huitwa pamu. Dawa yake ya kwanza, ambayo mara nyingi ni ya jamii ya thioglikoleti, hukata sehemu ya viungo hivyo. Nywele zikishalegea, zinapewa umbo la rola iliyozizunguka, halafu dawa ya pili, kwa kawaida yenye peroksaidi, huviunga upya viungo vile vikiwa vimekaa mkao mwingine. Aliyewahi kusuka mkeka atalielewa hili upesi kuliko mimi nilivyolielewa: ukindu huloweshwa ukalainika, ukapindwa, na ukikauka hubaki ulivyopindwa. Ila ukindu ukiukosea unauloweka tena kesho. Unywele hauna subira hiyo. Kila dawa iliyopita ilishakula sehemu ya viungo vyake, na msusi hana pa kushika isipokuwa kwenye masalia. Picha ya mwigizaji haimwambii kitu kuhusu masalia hayo. Mwenye habari ni wewe.

Kwa watu wa pwani na jamaa zetu wa Oman, habari yenyewe aghalabu ni hina. Msusi wa Kikorea hawezi kuikisia, maana wateja wake wengi hawakukulia kwenye nyumba ambamo bibi anaikoroga kwenye bakuli kila kukicha sikukuu. Hina ya majani matupu hujishika kwenye keratini na kuuvika unywele gamba jembamba. Dawa ya pamu ikija inapenya kwa taabu, na mawimbi yanashika upande huu yakikataa upande ule. Hiyo bado ni nafuu. Zipo za pakiti, zile zinazouzwa kwa jina la hina nyeusi, ambazo nyingine zimetiwa chumvi za madini ili rangi ikolee. Peroksaidi ikikutana na chumvi hizo inaweza kuchemka juu ya kichwa, nywele zikaungua zikiwa bado kwenye rola. Pakiti zenyewe mara nyingi haziandiki kilichomo, na dada muuzaji hajui pia. Kwa hiyo ukiulizwa umetia rangi, usiseme hapana kwa kuwa eti hina si rangi. Sema hina, sema ya aina gani, na kama bado unayo pakiti, ipige picha.

Wifi yangu alipokuja Seoul nilimuuliza tukiwa bado uwanja wa Incheon. Alikuwa amepaka ya pakiti tangu alipokuwa bibi harusi, mwezi baada ya mwezi. Nywele za singa, nzito, nyeusi ti, mpaka kiunoni. Kwa macho ya mtu wa mtaani hizo ndizo hasa nywele za kupiga pamu. Msusi aliposikia habari ya hina alikata kishungi kidogo kutoka chini kabisa ya kisogo, mahali pasipoonekana, akakitia kwenye dawa ndani ya kibakuli. Tukanywa kahawa. Aliporudi kukitazama hakusema mengi. Alikishika ncha mbili, akavuta, kikakatika. Akainama, akaomba radhi, akasema anaweza kumkata vizuri tu, pamu hapana.

"Kwani pesa yangu haina rangi?" wifi akaniuliza kwa Kiswahili, huku akitabasamu ili yule msusi asijue kama anasemwa.

Kwangu mimi hiyo ndiyo huduma bora kupita zote nilizoshuhudia katika saluni za mji huu. Mwanamke yule aliacha malipo ya saa kadhaa za kazi yaende zake, mbele ya mteja aliyetoka mbali na mfuko wake mkononi. Kwetu msusi akikataa huambiwa hajui kazi, na mteja anavuka barabara kwenda saluni ya pili, ambako atakubaliwa hata kabla hajavua mtandio. Wasusi wanalijua hilo, ndiyo maana hawakatai. Nywele zikikatika, lawama inaangukia dawa, au maji ya chumvi, au jicho la watu.

Kukataa mara nyingine hakuna mjadala. Nina rafiki kutoka Kisumu, tunasoma chuo kimoja, naye alikuwa na nywele zilizowekwa rilaksa. Alitaka mawimbi makubwa ya kushuka, akidhani kwa kuwa zimeshanyooka basi zimekuwa sawa na za Mkorea. Hazijawa. Rilaksa nyingi tunazozijua ni za haidroksaidi, na kazi yake ni kuuacha unywele na viungo vya aina nyingine ambavyo thioglikoleti haiwezi kuvikata na kuviunga upya. Ukipaka dawa ya pamu juu ya rilaksa hupati mawimbi, unapata nywele mkononi. Hakuna dawa ya kati ya kuzipatanisha; zilizopakwa rilaksa zinasubiriwa ziote mpya na zile za zamani zikatwe. Nywele za kipilipili ambazo hazijaguswa na rilaksa zina mlango wao, na wazazi wetu waliupita miaka ya 1980: kalikiti ilikuwa ya jamii hiihii ya thioglikoleti, kwanza kulegeza, kisha kuzungusha kwenye rola. Lakini umbo lake ni lake, halifanani na la picha ya tamthilia. Rafiki yangu alikwenda zake mtaa wa Itaewon, kwenye wasusi wa Kiafrika, akasukwa rasta zilizopindwa ncha kwa maji ya moto. Akapendeza kuliko alivyokusudia.

Nikisikia matangazo ya "pamu halisi ya Kikorea" huko nyumbani na Muscat, huwa najiuliza uhalisi uko wapi. Mjerumani Karl Nessler ndiye aliyeonyesha hadharani, jijini London mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba nywele zinaweza kupewa mawimbi ya kudumu kwa dawa na vyuma vya moto. Mwaka 1928 Marjorie Joyner, Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika kampuni ya Madam C. J. Walker, alipata hataza ya mashine ya kuweka mawimbi: vyuma vingi vinavyoning'inia kwa nyaya, vinavyopasha kichwa kizima kwa pamoja. Itazame picha ya mashine ile, kisha ingia saluni yoyote ya Seoul inayopiga pamu ya dijitali, ile inayotumia rola za moto zilizounganishwa na umeme. Utadhani ni mama na binti. Na hii ya dijitali yenyewe ilianzia Japani.

Wakorea walichoongeza ni mkato na ukaushaji, na hapo nawavulia kofia. Nywele hukatwa matabaka kwanza, ili mawimbi yapate pa kulalia. Bila matabaka, nywele nzito za singa huvimba chini na kulala juu, na hakuna rola itakayolirekebisha hilo. Msusi akikuwekea pamu bila kuzungumzia mkato, muulize. Halafu amua umbo. Kuna mkunjo mmoja tu wa ncha kuingia ndani, wa herufi C, unaofaa nywele za mabegani na mtu asiye na muda. Kuna wa herufi S, unaokwenda na kurudi, ndio huo wa picha nyingi ninazotumiwa. Na kuna vile vipindo vidogovidogo vya mabibi wa Kikorea wanaouza mboga sokoni, vifupi na vikali, vinavyodumu muda mrefu. Vijana wanavicheka. Mimi naviheshimu, ndiyo pamu pekee ambayo mwenyewe anaamka, anapitisha vidole, anaondoka.

Maana hii ya S ina kazi, na kazi hiyo haionekani kwenye picha. Pamu ya baridi, ile ya kizamani isiyotumia rola za moto, hujikunja zaidi ikiwa mbichi. Ya dijitali ni kinyume: ikilowa inalala karibu inyooke, na mawimbi yanarudi kadiri inavyokauka. Lakini hayarudi yenyewe tu. Unakausha kwanza mashina, kisha unachukua fungu moja moja, unalizungusha kwenye kidole kufuata mkunjo wake, unalipuliza kwa draya, unaliacha lipoe ndipo ulifungue. Mwigizaji ana mtu wa kumfanyia hivyo kila asubuhi kabla kamera haijawashwa. Wewe una watoto wa kupeleka shule. Na yale mafuta ya nazi tuliyolelewa nayo, yakimiminwa kwa mkono wa kwetu, huyavuta mawimbi haya yakanyooka kwa uzito. Tone dogo nchani linatosha.

Sisi tunaovaa mtandio tuna hesabu zetu za ziada. Wasusi wanaume ni wengi Seoul, hivyo unapoweka miadi sema mapema kwamba unataka mwanamke na chumba cha faragha. Baadhi ya saluni zinavyo. Mtandio wenyewe hauharibu pamu, ila usifunge nywele zikiwa mbichi wala usizibane kwa mpira siku za mwanzo. Wasusi wengi hukwambia usizioshe kwa siku mbili. Mwanamke mwenye ratiba zake za kuoga anajua kwa nini namwambia achague siku vizuri.

Bei, kwa kuwa hamtaniacha: pamu ya dijitali Seoul mara nyingi inaanzia karibu won 100,000 na inaweza kupita 200,000 bila kushtua mtu. Inategemea mtaa, cheo cha msusi na urefu wa nywele, na bakshishi si desturi. Soma vizuri neno "kuanzia" kwenye orodha ya bei, kwani wenye nywele za kiunoni huongezewa, na matibabu ya nywele yanayopendekezwa katikati ya kazi nayo yana bei yake. Uliza jumla kabla hujalazwa kwenye sinki. Tenga nusu siku.

Wanaume nao wameanza kuniandikia. Kwao mambo ni mepesi. Nywele za pembeni za Wakorea husimama wima, kwa hiyo vijana wengi huzipaka dawa ya kuzilaza tu, na zinapoota baada ya wiki chache wanarudia. Mwenye nywele zinazolala zenyewe hana haja nayo. Mdogo wangu wa Unguja anataka zile za Gu Jun-pyo, tajiri mkorofi aliyeigizwa na Lee Min-ho katika Boys Over Flowers ya mwaka 2009, tamthilia ambayo anairudia hadi leo. Ananiuliza aweke akiba kiasi gani. Nywele za mdogo wangu zina mawimbi tangu azaliwe, na kila Alhamisi jioni yuko kwa kinyozi anazinyoa zote. Nimemwambia akae miezi minne bila kwenda huko, kisha anitumie picha.