Ilani ya Kusoma, Kamunyonge

Sisi wazazi, walezi na walimu wa Kamunyonge, Musoma, tunaanzisha vuguvugu lenye dai moja: mtoto wa shule ya umma asivuke Darasa la Pili bila kusoma Kiswahili na kuelewa anachosoma.

Tunalisemea Musoma kwa makusudi. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huu ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania apate nafasi ya elimu ya msingi. Azimio hilo la Musoma lilijaza madarasa. Walimu walipopungua, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakishika chaki. Hatulibezi azimio hilo hata kidogo. Ila tangu hapo serikali imezoea kuhesabu vichwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulikuja, elimu bila malipo ikafuata 2016, na kila mara tulitangaziwa walioandikishwa. Kumbe mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba maelfu ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Na mtihani walikuwa wamefaulu!

Mwaka 2015 tulipata mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) kwa madarasa mawili ya mwanzo. Sera hiyo tunaiunga mkono. Ugomvi wetu uko darasani. Mpe mtoto kitabu alichozoea. Atasoma ukurasa mzima bila kukosea, kwa sauti ya kwaya. Sasa tazama kidole chake: kiko mstari wa nne, mdomo uko wa pili. Mfungulie kitabu ambacho hajawahi kuimbishwa, atanyamaza. Huyo amekariri, na kwenye ripoti ataandikwa anasoma.

Kwa hiyo tunataka mwalimu hodari kuliko wote apangiwe Darasa la Kwanza, asihifadhiwe kwa darasa la mtihani kwa ajili ya wastani wa shule. Tunataka vitabu vya hadithi vitoke kabatini mwa mwalimu mkuu viende nyumbani na watoto. Vitachanika, vingine vitarudi vinanuka dagaa; virudi hivyo hivyo. Kitabu kisafi ambacho hakuna aliyekisoma ni hasara kwa serikali. Tena matokeo ya upimaji wa KKK yasomwe hadharani kwenye kikao cha wazazi, shule kwa shule, na halmashauri iseme itawafanyia nini walioshindwa kabla hawajasukumwa Darasa la Tatu.

Na sisi tujibane. Mtoto anayetumwa mwaloni saa za masomo hawezi kusomeshwa na sera yoyote. Nyumba yenye Kijita au Kikurya pekee si kosa; mtoto aje na lugha yake, mwalimu amvushe taratibu, bila kumcheka.

Mzazi mwenzetu, kikao kijacho usiende kusikiliza michango tu. Simama uulize: Darasa la Pili wako wangapi, na wanaosoma ni wangapi? Usikae mpaka ujibiwe.