Poirot Aseme Kiswahili cha Likasi

Wengi wetu kitivoni tunamsoma Agatha Christie kwa Kifaransa, na humo Hercule Poirot amepoteza ulimi wake. Katika Kiingereza, tangu The Mysterious Affair at Styles ya mwaka 1920, yeye ni mkimbizi Mbelgiji anayechomeka Kifaransa katikati ya sentensi na kuzipinda kwa namna ya kwao. Ukiyatafsiri yote kwa Kifaransa, kila mtu anasema sawa na mwenzake, na mgeni haonekani tena.

Hasara hiyo si ndogo. Katika Three Act Tragedy Poirot mwenyewe anaeleza kwamba Kiingereza sahihi anakiweza. Anakivunja kusudi, ili Waingereza wamdharau na kuacha kujihadhari naye. Yaani siraha yake ni lafudhi. Msomaji asiyeisikia amenyimwa nusu ya upelelezi.

Kiswahili kinaweza kuirudisha. Muhammed Said Abdulla alikwisha kumpa Bwana Msa kiko kama cha Sherlock Holmes na Kiswahili cha Unguja, ila Bwana Msa yuko nyumbani kwao. Poirot anahitaji Kiswahili cha namna mbili. Napendekeza Waingereza wa vijijini waseme Kiswahili sanifu, naye aseme cha kwetu Shituru, ambacho Kifaransa kimo tayari: «Mon ami, bantu bote banasema bongo. Miye niko natumika na kichwa.» Hakuna haja ya tanbihi.

Najua pingamizi litakalotoka kwa walimu wetu: Kiswahili cha Katanga kitakuwa lugha ya kuchekesha. Lakini anayechekwa ndiye anayemkamata muuaji, na wanaocheka ndio waliodanganyika. Wanafunzi wangapi hapa hunyamaza darasani kwa kuogopa kusema «bantu» mbele ya mtu aliyesoma Dar es Salaam?

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mbelgiji aliyejulikana Likasi, enzi ikiitwa Jadotville, hakuwa mkimbizi. Alikuwa mkubwa wa kazi wa Union Minière. Naye alisema Kiswahili kilichovunjika, cha kuamrisha, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Kwa hiyo kumvisha Poirot ulimi wetu ni kugeuza mambo juu chini, na kwangu hiyo ni sababu ya kufanya, si ya kuacha. Atakayesema lugha hii haibebi kitabu, asome Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965: historia nzima ya watumishi wa nyumba za wazungu, kwa Kiswahili chao wenyewe.

Somo la tafsiri lianze na sura moja tu. Kigumu nakiona kwa wajakazi na watunza bustani wa Christie, ambao Kiingereza chao nacho si cha mabwana zao. Wakisema kama sisi, watachanganyika na Poirot. Wakisema sanifu, wamepandishwa cheo bure. Mwenzangu mmoja anataka tuwape Kiswahili cha Bunia. Wenye asili ya Ituri hawajaulizwa bado.