Maneno ya siri yasihifadhiwe kwenye simu

Mhariri,

Mfanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, anayeweka akiba katika sarafu za mtandaoni kama Bitcoin, hana budi kufahamu kwamba mwenye mali hiyo ni anayeshika maneno ya siri, yaani maneno 12 au 24 yanayofungua pochi ya kidijitali, na kwamba yakiibwa hakuna benki ya kumrudishia, tena Benki Kuu ya Tanzania ilikwisha kutangaza Novemba 2019 kuwa sarafu hizo si fedha halali nchini. Hata soko kubwa la kubadilishia sarafu hizo, Mt. Gox la Japani, lilianguka mwaka 2014 baada ya wizi. Maneno hayo yaandikwe karatasini, yafungiwe kabatini, kamwe yasipigwe picha. Gazeti hili liwakumbushe wasomaji mara kwa mara.

Msomaji,
Mwanza